Mtamba wa Misheni

Mwaka ule aliotawazwa malkia wa Waingereza, wazee wa kigango cha chini ya mlima Hanang walikaa vikao vitatu juu ya punda wa Padri: anywe kisimani pamoja na watu, au apelekwe korongoni? Juu ya mtoto wa Helena walikaa kikao kimoja, na uji waliopikiwa ulikuwa haujapoa walipomaliza.

Aliyewapikia uji ule ni Helena mwenyewe. Ilikuwa zamu yake. Alikoroga, akapakua, akawapelekea, kisha akatoka kusimama nje kwenye ukuta wa jikoni, akiwasikia wakivuta uji kwa midomo na kujadili mwili wa mwanawe kama wanavyojadili paa linalovuja.

Helena alizaliwa katika jamii ya wafugaji wa nyanda za Hanang, ambao majirani huwaita Wamang'ati, akaolewa na Gidahosh, mtu wa ng'ombe ambaye kanisa hakulipenda wala hakulichukia. Alizaa watoto saba, wakabaki wanne. Alibatizwa akiwa mtu mzima, na kwa miezi mitano, baada ya kukamua, alijifunza kusoma kwa kufuata herufi na kidole. Alikuwa mtu wa wasiwasi. Mbwa akibweka mara moja, yeye yuko nje. Mtoto akikohoa, anamwinua kidevu amtazame macho. Wanawake wenzake walimcheka. "Helena," walisema, "fisi akipita utamwuliza anakwenda wapi na atarudi lini."

Walicheka, lakini ni wasiwasi huo uliomfanya aone. Binti yake Konsolata, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa akijifunza katekisimu kwa Nicodemo, katekista wa kigango. Nicodemo ndiye aliyefundisha watoto, aliongoza sala Padri asipokuwapo, na alikaa na ufunguo wa kanisa. Misheni ilimjengea nyumba ya bati. Kila Jumamosi aliwaita watoto humo mmoja mmoja, awasikilize wakisema maswali na majibu kwa kichwa, na mlango aliufunga ili, alivyosema, mtoto asisumbuliwe na kelele za nje.

Siku moja Konsolata aliomba Jumamosi apelekwe kuchunga ndama, kazi ya wavulana. Wiki iliyofuata aliomba tena. Wiki ya tatu Helena alimtuma na kibuyu cha maziwa kwa shangazi yake, akasimama kumwangalia. Mtoto aliacha njia fupi iliyopita mbele ya nyumba ya bati, akazunguka kwenye miiba, mbali, na kibuyu kichwani.

Helena hakupiga kelele. Jioni alimkalisha karibu, wakawa wanasugua vibuyu ndani kwa kijinga cha moto, kazi ambayo macho yanabaki mikononi. Akauliza polepole. Konsolata alikiambia kibuyu, hakumwambia mama. Maneno yalikuwa machache, na hapa hayataandikwa.

"Mwalimu alisema nikisema ni dhambi," mtoto alimalizia.

"Dhambi ya nani?"

"Yangu."

Kuanzia jioni ile Helena alitaka jambo moja tu duniani: mtu yule asiwekwe tena mbele ya watoto, na waliomweka waseme kwa midomo yao kwamba ni wao waliomweka.

Alikwenda kwa wazee. Mwenyekiti wao alikuwa Joakimu, mtu wa Mbulu juu, mwenye koti jeusi alilolivaa hata jua likiwa la kukausha ngozi. Baada ya kile kikao cha uji alimwita Helena ndani.

"Mama Konsolata, una mashahidi?"

"Mlango ulifungwa, mzee. Shahidi angetoka wapi?"

"Basi huna. Hata hivyo, sisi hatukupuuza. Tulimwita tukamwuliza."

"Akasemaje?"

"Amelia."

"Amelia?"

"Amelia sana. Mtu asiye na toba halii hivyo. Hata mimi mwenyewe koo lilinikaba."

"Mwanangu naye analia," Helena alisema. "Machozi yake nayo yanakaba makoo, au ya mtoto ni maji tu?"

Joakimu alipangusa uji kwenye ndevu na kusema Padri ataamua.

Padri hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Helena kuliko yote. Aliosha vidonda vya watu kwa mkono wake, alilala kwenye ngozi kama wenyeji, alijua majina ya watoto wote. Aliposikia habari ile uso ulimsawijika kweli. Akaomba siku mbili za sala. Siku ya tatu akaja na uamuzi: Nicodemo atahamia upande wa Tumati kufungua kigango kipya. Na kwa kuwa kule hakuna mwalimu, atafungua na shule.

Kwenye daftari la kigango iliandikwa kwamba Nicodemo amehamishwa kwa sababu ya afya. Nicodemo aliyekuwa akikohoa kila kipupwe, wanampeleka Tumati kwenye baridi akapone! Konsolata aliagizwa aje kuungama. Helena alizuiwa kupokea komunyo mpaka aache kutangaza aibu ya kigango.

"Nimemtangazia nani, Padri? Nimewaambia ninyi."

"Aibu ya Kanisa ni aibu ya wote, Helena."

"Basi tuigawane. Mbona yote iko kichwani kwa mtoto?"

Padri alimbariki akaondoka juu ya punda wake, yule wa vikao vitatu.

Huenda jambo lingeishia hapo, kama Joakimu asingekuwa mtu wa kujua kila kitu. "Hawa Wamang'ati nawajua mimi," alimwambia Padri, na mtumishi wa jikoni akasikia, na kufikia jioni kila mtu alikuwa amesikia. "Mpelekee baba ng'ombe. Atamfunga mkewe mdomo mwenyewe." Padri, aliyekuwa hapati usingizi, alidhani ni wema. Akatoa mnyama katika kundi la misheni.

Wiki ya sita tangu Nicodemo ahame, akaletwa mtamba mwekundu, mnene, ngozi inang'aa, na pajani ana chapa ya moto ya misheni: msalaba ndani ya duara. Mchungaji wa misheni alimwacha mbele ya boma la Gidahosh, akasema "ni pole," akageuka haraka.

Gidahosh alimzunguka mtamba mara mbili.

"Ni mzuri," alisema.

"Ni mzuri," Helena alijibu. "Pole ya nini? Nani amekufa hapa?"

"Mama Konsolata, nifanye nini? Ningemchoma mkuki yule mtu wangenipeleka kunyongwa, na mngebaki na nani? Kanisa ni lako, si langu. Mimi nimeletewa ng'ombe."

"Asiingie zizini."

"Atalala nje? Na fisi?"

"Nitamlinda mwenyewe. Zizini haingii."

Asubuhi Helena akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu abatizwe, miaka sita iliyopita. Alipanda kwa Mama Gidabuday, mzee wa baraza la wanawake. Kwa wafugaji wale, mwanamume akimkosea mwanamke, wanawake hukutana peke yao mchana kweupe, fimbo mkononi, wanaume wakae mbali, na hukumu yao kwa kawaida ni kulipa dume jeusi la ng'ombe. Mwanamume hata awe na ng'ombe mia, akiitwa na baraza lile anakuja, na hata sauti yake inakuwa ndogo. Padri alikuwa amehubiri kwamba ni upagani. Huenda alihubiri hivyo kwa sababu hakuna mahali pengine palipomwuliza mwanamume swali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Miaka sita hunijui, leo umekuja. Na rozari shingoni?"

"Ninayo."

"Ikae. Haitusumbui. Sema."

Helena akasema. Siku mbili baadaye wanawake zaidi ya arobaini walikaa mteremkoni, wenye ubatizo na wasio na ubatizo, na Mama Gidabuday akasikiliza kila kitu mpaka habari ya mtamba. Hapo akainua mkono.

"Rudia. Nani kamleta?"

"Misheni."

"Nicodemo ana ng'ombe?"

"Hana hata kuku."

"Na mtamba amepelekwa kwa nani?"

"Kwa Gidahosh."

Bibi aliangusha kichwa nyuma akacheka, meno mawili yaliyobaki yakaonekana. "Kosa la mtoto wa kike haliletwi kwa baba, linaletwa kwetu. Hilo hawalijui. Na hili jingine hawalijui zaidi: kwetu anayeswaga mnyama wake mpaka kwa aliyeumizwa amekwisha kusema kosa ni langu. Halipi mtu kosa la mwingine. Na hawakuulizwa! Wameleta wenyewe, na chapa juu!"

"Si Joakimu anatujua?" mwanamke mmoja alidakia.

"Anatujua kama anavyojua kisogo chake," mwingine akajibu, na mteremko mzima ukacheka.

Helena hakucheka. Bibi alimwona, akanyamazisha wenzake. "Misheni itatoa dume jeusi, na Padri atalileta kwa miguu yake, aseme la nini. Lakini dume litasubiri. Huko Tumati kuna watoto leo. Chukueni huyo mtamba mumpeleke Mbulu, Bwana Shauri, afisa wa wilaya wa Waingereza, amwone. Sisi tukisema, watasema ni maneno ya wanawake wapagani. Chapa si mwanamke."

Walitembea siku tatu, Gidahosh mbele, mtamba katikati, Helena nyuma. Gidahosh hakusema kitu mpaka Dongobesh, walipolala uani kwa mwenye duka. Hapo akasema, "Nilimzunguka mara mbili. Unakumbuka? Nilimzunguka nikasema ni mzuri." Akageukia ukuta. Helena aliona hilo limetosha.

Ofisini Mbulu walimkuta karani Gervasi, kalamu sikioni.

"Kesi za ng'ombe ni Jumatano."

"Hii si kesi ya ng'ombe, baba."

"Na huyo uliyemfunga kwenye ua wa maua wa Bwana Shauri?"

"Ni shahidi."

Gervasi alicheka mpaka akashika meza. "Shahidi! Ataapa kwa Biblia au kwa majani?"

"Mwapishe kwanza aliyempiga chapa. Huyu hajawahi kusema uongo."

Kicheko kilimtoa Bwana Shauri nje. Alikuwa kijana, pua imechubuka kwa jua, Kiswahili chake cha kitabuni, kila neno limenyooka kama askari. Alisikiliza amesimama. Kisha akasema kwamba mambo ya ndani ya dini, serikali haipendi kuyaingilia.

"Mwanangu si mambo ya ndani ya dini," Helena alisema.

Bwana Shauri akamtazama mtamba, akamtazama mama, akaagiza kiti kwa ajili ya mama. Gervasi hakuamini masikio yake, lakini alileta kiti. Kesho yake Padri aliitwa, akaja kwa gari la misheni, na Joakimu kwenye koti lake.

"Padri, mnyama huyu ni wa misheni?"

"Ni wetu. Tulimtoa kwa huruma."

"Huruma juu ya jambo gani?"

Padri aligeuka kumtazama Joakimu.

"Kama mtoto hakudhurika, mlihurumia nini? Na kama mliamini amedhurika, kwa nini habari sikuzipata kwenu, nimezipata kwa mama aliyetembea siku tatu?"

"Tuliliona kuwa dhambi, Bwana Shauri. Dhambi tunaishughulikia wenyewe."

"Na jinai?"

"Hatukulifikiria kwa jina hilo."

"Yuko wapi huyo mtu?"

"Tumati."

"Anafanya nini?"

Padri aliangalia viatu vyake. Joakimu, kwa mara ya kwanza, alifungua vifungo vya koti.

"Anafundisha," Padri alisema.

Hata Gervasi aliweka kalamu chini.

Askari wawili walikwenda siku ileile. Nicodemo walimkuta darasani, na alipofungwa pingu alilia, maana kulia alikuwa anakujua. Lakini alikuwa amekaa Tumati wiki saba. Na katika wiki saba hizo kulikuwa na Jumamosi saba, nyumba mpya, na mlango. Kulikuwa na mtoto mwingine. Mama yake aliitwa Imakulata, na alipokutana na Helena siku ya kesi hakusalimu. Aliuliza tu, "Wao walijua?"

"Walijua. Niliwaambia mimi."

"Kabla hajaja kwetu?"

"Kabla."

Imakulata aliketi chini pale alipokuwa amesimama.

Nicodemo alihukumiwa miaka saba. Helena akamwuliza Bwana Shauri ni hukumu gani ya wengine, waliojua wakamhamisha. Bwana Shauri alivuta pumzi. Alisema sheria aliyonayo inamshika aliyetenda. Waliojua atawaandikia barua.

"Barua?"

"Barua kali."

"Mwizi wa mbuzi anafungwa," Helena alisema, "na aliyemficha mwizi anafungwa naye. Huyu waliomficha wanaandikiwa barua. Asante, Bwana."

Bwana Shauri aliona haya, ikaonekana hata kwenye ile pua. Kuona haya nako hakujafunga mtu.

Jumapili Joakimu alitangaza kanisani kwamba mtumishi mmoja alianguka majaribuni. Alianguka! Kama mtu aliyeteleza kwenye tope akienda zake. Baada ya sala akamfuata Helena na karatasi. Akitia sahihi, alisema, komunyo atarudishiwa kesho, na mambo yatakuwa yamekwisha kwa amani.

Helena akaketi akaisoma kwa kidole. Alisoma neno baada ya neno mpaka kivuli cha Joakimu kikahama mguu hadi mguu, na jasho likamtiririka shingoni.

"Hapa wameandika misheni haikujua."

"Ni maneno ya kawaida ya karatasi, mama. Usiyajali."

"Mimi sikusoma sana, mzee Joakimu, ndiyo maana kila neno nalijali. Ninyi mliosoma sana ndio mnaoyaruka." Akamrudishia.

Gidahosh alimrudisha mtamba misheni, akamwacha mlangoni bila kusema pole. Na wanawake wakafanya walichobakiza: hakuna mtoto aliyepelekwa katekisimu, hakuna mwanamke aliyekuja kufagia, kupika wala kuimba. Hukumu ya dume jeusi ilipomfikia, Padri alisema mahakama ya wapagani haitambui. Wanawake wakasema sawa, nao watoto wao hawatambui darasa lake. Jumapili ya kwanza alisali na wanaume kumi na wawili. Ya nne walibaki Joakimu na mtu mmoja mzee aliyekuwa haoni vizuri na hajui kwamba wengine hawapo.

Helena alikuwa na hofu siku zote hizo. Alisali nyumbani, akiogopa Mungu amekasirika, akiogopa zaidi kwamba hakukasirika. Konsolata alichunga ndama. Hakurudi kuwa yule wa zamani kwa sababu tu hakimu ameandika hukumu. Siku nyingine alicheka na nyingine alikaa na ndama mpaka giza linaingia, na mama yake akaenda kumkalia karibu bila kuuliza.

Wiki ya nane Padri alikuja kwa miguu, mchana, bila punda. Joakimu nyuma yake aliswaga dume jeusi ambalo halikumpenda, maana lilikuwa limekwisha kumpasua koti mahali pawili. Joakimu aliamriwa abaki mbali, chini. Padri akapanda peke yake mpaka kati ya wanawake. Walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, na wengine walitoka Tumati.

"Umeleta la nini?" Mama Gidabuday aliuliza.

"Kwa ajili ya amani, bibi."

"Hatukukuuliza unataka nini. Umeleta la nini?"

Padri alitazama huku na huku. "Kwa sababu mtoto aliumizwa na mtu wa kanisa."

"Huyo amefungwa. Dume si la huyo. Ninyi mlifanya nini?"

Mtoto mchanga akalia, akanyonyeshwa. Sauti ya Padri ilipotoka haikuwa ile ya mimbarini.

"Tulimpa nyumba na watoto. Hatukumwangalia. Helena alituambia, tukamhamisha."

"Kwenda wapi?"

"Kwa watoto wengine."

"Rudia. Waliokaa nyuma hawakusikia."

Akarudia. Tangu siku ile, Bibi akasema, hakuna mwalimu atakayekaa na mtoto nyuma ya mlango, mama wawili watakuwa ndani ya kila darasa, na mwalimu akiletwa, Padri atakuja kwanza hapa kusema alitoka wapi na kwa nini aliondoka. Padri aliitikia kila neno.

Wanawake wakaanza kusimama, wengine wakisifu unene wa dume. Helena hakulitazama. Alikuwa anamtafuta Imakulata wa Tumati, akamwona amekaa pembeni, mikono mapajani, akiangalia chini. Akamwendea, akamshika mkono akamwinua, akamgeukia Padri aliyekuwa ameanza kushuka.

"Padri, hilo ni la mwanangu," alisema. "La mtoto wa huyu linakuja lini?"